Kifungu cha Mz: Uhakiki wa Kurasa za Mwisho za Herufi M

Kurasa zinazofunga herufi M katika kamusi zetu, zile zinazoanzia kwa mzabibu na majirani zake na kuishia kwa mzuzu, hazijapata msomaji wa kuzipa subira tunayoyapa mashairi na riwaya. Mtu huzifungua akiwa na shida ya neno moja, akalichukua, akafunga kitabu. Mimi ninazisoma hapa kama matini kamili, yenye mwanzo, mwisho, mdundo na wahusika, na yenye kanuni mbili zinazovutana katika kila mstari wake. Kanuni ya kwanza ni alfabeti, ambayo haijali maana hata kidogo. Kanuni ya pili ni ngeli, ambayo huugawa ulimwengu katika watu, miti, vitu na viumbe kabla neno halijaanza kueleza lolote. Uzuri wa kifungu cha Mz unatokana na mvutano huo, na mtu akitaka kuona kamusi ya Kiswahili ikifanya kazi kwa umbo lake zima, sijui kifungu kinachofaa zaidi ya hiki.

Kuna sababu ya pili ya kukichagua, nayo ni ya mahali. Chini ya milima ya Uluguru, katika Manispaa ya Morogoro, kuna kata iitwayo Mzinga. Jina hilo limebebwa pia na mto unaoshuka kutoka milimani na kuchangia maji ya bwawa la Mindu, na vilevile na shirika la umma la kutengeneza risasi na zana za kijeshi lililoasisiwa katika miaka ya 1970. Kamusi za kawaida haziingizi majina ya mahali. Kwa hiyo Mzinga ya Morogoro haimo katika kifungu chetu, kama isivyokuwamo Mzumbe ambayo ni jirani yake, wala Mzizima iliyotangulia Dar es Salaam. Hata hivyo msomaji wa Morogoro hawezi kupita kwenye kidahizo mzinga bila kusikia jina la kata yake likiitwa, na nitaonyesha kwamba usikivu huo una faida kwa uhakiki.

Nianze na sauti. M ya kifungu hiki haiungani na irabu yoyote. Inasimama peke yake, mdomo ukiwa umefungwa, kisha z inaufungua kwa mtetemo. Katika arudhi ya ushairi wetu m hiyo huhesabiwa mizani moja kamili, sawa na ka au lo, kiasi kwamba mzinga ni mizani tatu na mzegazega ni mizani tano. Anayesoma safu ya vidahizo kwa sauti, kutoka juu kwenda chini, atagundua kwamba kila mstari unaanza kwa pumziko fupi la midomo kabla ya neno kuchanua. Ni mdundo wa kurudiarudia, na ungechosha kama urefu wa mashina usingebadilika: mzee, mzeituni, mzigo, mzingifuri, mzio. Alfabeti haikukusudia mdundo huo, lakini imeutoa.

Ndani ya mdundo huo kuna neno moja linalokiuka kawaida, nalo ni mzo, kipimo cha zamani cha nafaka kilichohesabiwa kuwa pishi 60. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika maneno yote niliyoyataja hadi sasa kanuni hiyo huuacha mkazo ndani ya shina, na m inabaki kuwa kizingiti kinachovukwa tu. Katika mzo shina lina silabi moja, hivyo mkazo hauna pa kwenda ila juu ya m yenyewe. Kiambishi, ambacho kwingine kote ni kijakazi wa sarufi, hapa kimepewa kiti cha mbele. Msomaji aliyezoea mwendo wa safu husimama ghafla penye neno hili, na kusimama huko kunalifaa: kipimo kizito cha mavuno kimewekwa katika neno jepesi kuliko yote yanayolizunguka.

Sasa tuuite usomaji wa kushuka kwa safu usomaji wima, na ule wa kufuata maelezo ya kila kidahizo usomaji mlalo. Usomaji wima wa Mz unaonyesha kwamba m moja inafanya kazi zisizofanana. Katika mzazi, mzee, mzalendo na mzandiki inatuambia kwamba anayekuja ni mtu, na wingi wake utakuwa wa-. Katika mzabibu, mzambarau na mzeituni inatuambia kwamba unaokuja ni mti, na wingi wake utakuwa mi-. Katika mzigo, mzozo na mzunguko inaleta vitu na matukio yaliyokubali kupatanishwa kisarufi kama miti. Jicho halioni tofauti yoyote. Tofauti inakuja baada ya kidahizo, katika alama ndogo ya wingi na upatanisho ambayo wasomaji wengi huiruka. Kwangu alama hiyo ndiyo kilele kidogo cha kila mstari, kwa kuwa kabla ya kuifikia hatujui kama tunasubiri mtu, mti au jambo, na baada yake fasili nzima inasomeka kwa mwanga mwingine.

Mzimu ni mfano mzuri wa jinsi kilele hicho kinavyoweza kubeba fikra. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, na tungetarajia wingi wa wa-, maana huyu alikuwa mtu. Kiswahili kinasema mizimu. Aliyekuwa katika ngeli ya watu amehamia ngeli ya miti, na uhamisho huo hauelezwi kwa sentensi yoyote ndani ya fasili: umefanywa na silabi moja. Laiti alfabeti ingeachwa ifanye kazi yake, mzima angesimama mstari mmoja tu juu ya mzimu, na hai na mfu wangetenganishwa na irabu ya mwisho. Lakini vivumishi katika kamusi zetu huingizwa kwa mashina yake, na mzima wa sifa hupelekwa mbali, kwenye Z, chini ya -zima. Uamuzi wa kileksikografia, wa haki kabisa kwa kanuni zake, umeivunja jozi ambayo mshairi angeilinda kwa wivu.

Hapo ndipo tunapokutana na swali kubwa la umbo la kamusi za Kibantu, yaani kama neno liingizwe kwa kiambishi chake au kwa mzizi wake. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alisimamia kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939 baada ya kifo chake, ikiwa imejengwa juu ya kazi ya A. C. Madan. Kamusi hiyo hupenda kukusanya minyumbuo na nomino nyingi chini ya kitenzi kilichozizaa. Ukitaka mzazi unaelekezwa kwenye zaa, na huko unakuta ukoo mzima umekaa pamoja: uzazi, kizazi, mzaliwa, mazao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981 na kurudiwa mwaka 2004 na 2013, inampa mzazi kidahizo chake mwenyewe katika M, na ndugu zake wanatawanyika kwenye herufi zao. Kamusi Kuu ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ya mwaka 2015 nayo inafuata njia hiyo.

Kila njia ina ubora wake. Ile ya Johnson inamfundisha msomaji mantiki ya lugha, lakini inadai awe tayari anaijua. Atakayefungua kwa haraka atatumwa huku na kule hadi achoke. Ile ya TUKI ni ya kidemokrasia, kwani neno linapatikana pale linaposikika. Kwa mhakiki wa umbo, hata hivyo, njia ya TUKI ina thamani ya ziada ambayo waandishi wake huenda hawakuitafuta: imeifanya herufi M kuwa nene mno na imeleta kwenye ukurasa mmoja wageni ambao mzizi usingewakutanisha kamwe. Mzazi anakaa karibu na mzandiki. Mzalendo yuko jirani na mzambarau. Nafsi ya kifungu cha Mz ni ya mjini, ambako watu wa koo mbalimbali wanapanga nyumba moja kwa sababu ya anwani tu.

Katika Uluguru jambo hili lina uzito wake. Waluguru ni jamii ya ukoo wa mama. Mtoto anahesabiwa kwa lukolo, yaani ukoo, wa aliyemzaa, na ardhi kwa desturi imefuata mkondo huo. Msomaji wa huko akikikuta kidahizo mzazi kinachofasiliwa kwa usawa kama baba au mama, atatambua kwamba fasili imechukua msimamo wa kijamii bila kutangaza. Atakumbuka pia kwamba tunasema wodi ya wazazi, na ndani ya wodi hiyo mzazi ni mwanamke aliyejifungua, si mwingine. Maana hiyo ya pili iko karibu zaidi na kitenzi zaa, na Johnson kwa kumrudisha mzazi kwenye mzizi anaifanya isikike. Kamusi inayomweka mzazi katika M inahitaji kuieleza kwa makusudi, la sivyo inapotea.

Nimefika kwenye mzinga, ambao ndio moyo wa kifungu. Maana yake ya kwanza kwa watu wengi wa bara ni gogo lililotobolewa kati na kutundikwa mtini ili nyuki waingie, wajenge masega, na mrinaji aje wakati wake kurina asali. Maana ya pili ni silaha kubwa ya kurusha makombora, ile inayopigwa mara 21 kumpa heshima mkuu wa nchi. Ukizitazama kwa matumizi, maana hizi hazina uhusiano, kwani moja inalisha na nyingine inaua. Ukizitazama kwa umbo, ni kitu kimoja, yaani mwili mrefu wa mviringo wenye uwazi ndani na tundu la kutokea. Lugha ililiona bomba la chuma lililoletwa pwani na merikebu, ikaliita kwa jina la kitu ilichokuwa nacho. Hili ni tendo la tamathali, na fasili nzuri ya kamusi ni ile inayoacha tamathali hiyo ionekane. Umbo likitajwa katika maana zote mbili, msomaji anaiona njia neno lilikopita. Maana ya kwanza ikitaja asali tu na ya pili ikitaja vita tu, msomaji anabaki na mapacha wasiojuana.

Hata namba zinazozitangulia maana ni sehemu ya utunzi. Kutanguliza nyuki ni kusema kwamba neno hili ni la msituni na kwamba jeshi ni mgeni wake. Kutanguliza silaha ni kusema kwamba kamusi inafuata magazeti na gwaride. Ninaamini mpangilio wa kwanza ndio wa kweli zaidi, kwa historia na kwa mantiki ya umbo, na ndio unaomfaa msomaji wa Morogoro kuliko mwingine yeyote. Kwake maana zote mbili ziko umbali wa kutembea kwa miguu: huko juu ni milima yenye misitu, huku chini ni lango la shirika la zana za kijeshi. Jina la mahali limefanya kile ambacho fasili inajitahidi kukifanya kwa mistari minne. Hii ndiyo faida niliyoiahidi. Jina la Mzinga, ingawa limeachwa nje ya kamusi, linatupatia kipimo cha kuhukumia kidahizo kilichomo ndani.

Maana hazikuishia hapo. Bata mzinga ni ndege mkubwa aliyepewa jina hilo pengine kwa umbo lake au kwa mlio wake, na sitashikilia upande wowote. Chupa kubwa ya pombe kali inaitwa mzinga katika vilabu vya Dar es Salaam na Nairobi, na hapa umbo la bomba limerudi waziwazi. Kupiga mzinga, kwa vijana wa Tanzania, ni kumvamia mtu kwa ombi la pesa, na ndani ya msemo huo silaha bado inalipuka. Kamusi huchelewa kuyapokea matumizi kama haya, na nina hakika kwamba yanastahili nafasi, kwa sababu yanaonyesha tamathali ya kwanza ikiwa bado ina nguvu ya kuzaa.

Baada ya mzinga, alfabeti inafanya jambo adimu. Kwa mistari michache inaacha kutawanya na inaanza kukusanya: mzingile, mzingiro, mzingo. Mzingile ni njia iliyopindapinda hadi mtu akapotea, na wazee wameliongeza uzito kwa kusema mzingile mwambiji. Mzingiro ni hali ya kuzungukwa na adui pande zote. Mzingo ni urefu wa kuzunguka kitu, na wanafunzi wa hisabati wanaujua kwa duara. Katika maneno yote matatu kuna wazo la kuzunguka, na sikio linalishika wazo hilo hata kabla ya akili. Mzinga, wenye mwili wa mviringo, unaonekana kuwaongoza kama mkubwa wao. Sidai kuwa nimethibitisha undugu wa asili kati yao wote. Ninachodai ni cha kihakiki: ukurasa unausomesha undugu huo, na usomaji wima, ambao kwingine hutoa bahati nasibu, hapa unatoa hoja.

Na katikati yao amekaa mgeni, mzingifuri. Ni mti wenye mbegu zinazotoa rangi nyekundu, na jina lake lilikuja kwa njia ya bahari pamoja na rangi yenyewe. Halina habari yoyote ya kuzunguka. Limeingia hapo kwa herufi zake tu, na nyekundu yake inang'aa zaidi kwa sababu hiyo. Mhariri wa mashairi angeliondoa. Kamusi haiwezi kuliondoa, na kutoweza huko kunaipa matini hii uaminifu ambao watunzi wengi huukosa.

Mzungu anahitaji kusomwa polepole, kwa kuwa ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja. Wa kwanza ni wa ngeli ya watu, wazungu, na kila mtu anamjua. Wa pili ni wa ngeli ya mi-: ni jambo la ajabu, hila, ufundi wa kujinasua, na kwa wingi wake, mizungu, ni mafunzo ya siri yanayotolewa unyagoni kwa nyimbo, ishara na mafumbo. Karata zenye picha nazo ziliwahi kuitwa hivyo. Msomaji aliyelelewa kati ya Morogoro na Pwani, ambako mwali hutunzwa ndani na kufundishwa kabla ya kutolewa, ana sababu ya kumheshimu huyu wa pili. Lakini kwenye ukurasa, wa kwanza amepewa namba moja na maelezo yaliyo wazi, na wa pili hufuata kama nyongeza, mara nyingi bila mfano wa matumizi. Alama ya wingi ndiyo inayomwokoa asimezwe. Ukiifuta mi- ile, umefuta chuo kizima cha wanawake.

Maneno mengine adimu ya kifungu nitayapitia kwa haraka, ingawa kila moja lingeweza kupewa aya. Mzishi ni anayeshughulikia maziko, na kwa upanuzi ni rafiki wa karibu mno, yule ambaye unamtegemea akuzike. Kutoka zika hadi mzishi k imelainika kuwa sh, kama inavyolainika kutoka pika hadi mpishi, na ulaini huo wa sauti unakwenda sambamba na ulaini wa maana. Mziwanda ni mtoto wa mwisho wa mama yake. Mzofafa ni mwendo wa kujidai, wa mtu anayetaka atazamwe, na neno hilo karibu halitembei peke yake: husemwa kwenda mzofafa, likiwa limeshikwa mkono na kitenzi chake. Mzegazega ni namna ya kubeba mizigo miwili iliyoning'inizwa kwenye ncha za mti uliowekwa begani, na umbo la neno ni picha ya kitendo, zega upande huu na zega upande ule, vyenye uzito sawa. Mzio ulikuwa chakula ambacho mtu amekatazwa, na sasa hospitali zinautumia kwa mwili unaokataa dawa au vumbi. Katazo limehama kutoka kwa wazee kwenda kwenye damu, na neno limelifuata bila kubadili hata herufi.

Na mzizi umo. Istilahi ambayo wanasarufi wanaitumia kwa kiini cha neno, ile ambayo mgogoro mzima wa Johnson na TUKI umejengwa juu yake, ni kidahizo cha kawaida katikati ya kifungu, kati ya mziwanda na mzo, kikiwa na fasili ya sehemu ya mti inayofyonza maji ardhini. Katika kamusi inayoingiza maneno kwa viambishi, mzizi umeingizwa kwa kiambishi chake kama maneno mengine yote, bila upendeleo.

Kifungu kinafungwa kwa mzuzu. Huyu ni mtu mgeni wa jambo, asiyejua lolote, jamaa wa zuzu na zuzuwa. Lakini katika soko la Morogoro mzuzu ni aina ya ndizi, kubwa na ngumu, ya kupikwa au kukaangwa, na ndizi za kila aina huteremka kutoka Kinole na Matombo kwa magunia na mikungu. Mchuuzi husema ndizi mzuzu, na mara nyingi huacha neno la kwanza. Kamusi ina njia mbili: ama imfungulie mzuzu wa pili kidahizo chake, ama imfiche ndani ya orodha iliyo chini ya ndizi, kwenye herufi N, ambayo inaanza ukurasa unaofuata. Kwa kanuni ya TUKI yenyewe, kwamba neno lipatikane linaposikika, njia ya kwanza ndiyo sahihi, na ningependa wahariri wa toleo lijalo waifuate, waweke namba juu ya kila mzuzu, waandike alama ya ngeli ya kila mmoja, na wampe huyu wa ndizi sentensi ya mfano kutoka kwa wauzaji wa Uluguru, ambao wanalitumia neno hilo kila siku ya soko.